Warsha ya kuchora na kuchapa picha kwa watu wazima: uchapaji ndio uliobeba darasa

Nimemaliza warsha ya uchoraji na uchapaji wa picha iliyoandaliwa na jumba moja la sanaa kwa ajili ya watu wazima. Kwa anayejiuliza kama inafaa, jibu langu ni ndiyo, na sababu kubwa ni uchapaji. Upande wa rangi una kasoro, nitaufikia.

Tulianza na lino: unaichonga kwa kisu, unaipaka wino, kisha unaikandamiza kwenye karatasi. Ni ileile linoliamu ya kutandika sakafuni, aliyoivumbua Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860. Wasanii waliipenda kwa sababu haina nyuzi kama mbao, hivyo kisu kinakwenda upande wowote unaotaka. Unapochonga panabaki peupe. Unapopaacha ndipo panaposhika wino. Kwa anayetoka kwenye penseli, inabidi akili ijipange upya, maana hapa unachora mwanga, siyo mstari. Na picha hutoka imegeuka, kulia kushoto. Mwalimu alikuwa akipita na kioo kidogo, anakisimamisha kando ya kibao chako ili uone mapema picha itakavyokuja.

Alitutandikia pia nakala za kazi za John Muafangejo, Mnamibia aliyeishi kati ya 1943 na 1987, aliyezoea kuchonga maneno ndani ya picha zake za lino. Ukishajua kwamba kila herufi ilichongwa kinyumenyume, unazitazama kazi zile kwa heshima nyingine kabisa.

Nilichokipenda zaidi kwa mwalimu huyu ni kwamba hakuwahi kumnyang'anya mtu kisu. Ukikwama, anakaa pembeni yako na kipande chake cha lino, anachonga polepole, unatazama, kisha unarudi kwenye kazi yako. Watu wazima tunahitaji kufundishwa hivyo. Kwenye usalama tu ndiko alikokuwa mkali: mkono usioshika kisu usikae mbele ya ncha, basi.

Kisha wino. Unaupaka kwa rola juu ya kioo mpaka utandazike, na hapo unatakiwa kusikiliza kuliko kutazama. Ukiwa mwingi, rola inabanduka kwa kishindo cha kunata. Ukikaa sawa, mlio unakuwa mwembamba, kama mafuta yanayochemka taratibu kikaangoni. Baada ya hapo nilikuwa naujua wino kwa sikio.

Halafu kuna monotaipu: unachora kwa wino juu ya bamba laini lisilochongwa, unalaza karatasi, unapitisha kwenye mashine ya kukandamiza. Unapata picha moja tu. Ukirudia bila kuongeza wino, inatoka hafifu, na baadhi yetu tuliipenda ile hafifu kuliko ya kwanza. Brashi na uchapaji vinakutana hapo, na laiti ningepanga ratiba mimi, ningeipa muda mara mbili.

Sasa rangi. Kipindi cha akriliki kilibanwa mno. Rangi hii hukauka upesi, na ikikaukia kwenye brashi, brashi hiyo imekwisha; lakini wanafunzi wote tulitegemea sinki moja, na foleni ikala muda wa kuchora. Mwalimu wa kipindi hicho alijitahidi, ila darasa lilikuwa limejaa kupita kiasi. Hilo ni la waandaaji kurekebisha, na nimewaambia.

Pia ulizia mapema aina ya wino. Sisi tulitumia wa mafuta, unaochukua siku kadhaa kukauka, kwa hiyo kazi zetu zilibaki zimeanikwa pale tukazifuata baadaye. Hatukuambiwa kabla, na kwa anayetoka mbali ni usumbufu. Vaa nguo usizozionea uchungu.

Faida ya kusomea ndani ya jumba la sanaa niliiona tulipopelekwa kwenye maonyesho yao na kusogea karibu kabisa na picha zilizochapwa. Chini ya moja palikuwa na 4/15 kwa penseli: nakala ya nne katika toleo la nakala kumi na tano. Pembezoni mwake kulikuwa na vikwaruzo vidogo vya kisu ambavyo msanii aliamua kuviacha. Zamani ningevipita bila kuviona.

Nimejiandikisha tena, safari hii uchapaji peke yake.