Laptopu ya mtumba yenye kadi mbili: kwenye Linux inalala, kuamka ndiyo kazi

Wadau, karibuni. Hapa ni Mtwara mjini, feni inavuma nyuma yangu na siizimi, kwa joto hili mtanisamehe.

Mezani leo kuna laptopu ya mtumba yenye kadi mbili za picha: ya Intel iliyomo kwenye prosesa, na ya NVIDIA pembeni. Ndani kuna Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows. Hela ya korosho ikiingia, vijana wengi huniuliza kuhusu mashine za aina hii, basi tuitazame.

Ukiwa kazini nayo, inakwenda vizuri tu. Kasheshe iko kwenye kulala. Unaifunika, unakwenda kuswali, ukirudi ukafungua, skrini nyeusi tii! Taa inawaka, picha hakuna. Hapo wengi huikimbiza kwa fundi wakabadilishiwe skrini. Ngoja kwanza. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kompyuta iko macho, kilichogoma ni picha. Sasa bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Yakitokea maandishi ya kukutaka uingie, skrini yako nzima kabisa, mshuku draiva, yaani programu inayoendesha kadi.

Iko hivi. Matoleo mengi ya draiva ya NVIDIA, yakiachwa yalivyo, mashine inapolala huhifadhi sehemu ya lazima tu ya kumbukumbu ya kadi. Zilizobaki zinapotea, ndiyo maana ukiamsha unaona weusi au picha zilizochanika. Dawa ni mstari huu hapa kwenye skrini, options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1, unaoingia kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d. Kisha washa huduma mbili, nvidia-suspend na nvidia-resume, endesha amri ya sudo update-initramfs -u ili mabadiliko yaingie kwenye faili za kuwashia mashine, halafu washa mashine upya. Nakilini herufi kwa herufi, jamani, kubwa na ndogo zina maana.

Secure Boot, ulinzi unaokagua programu mashine inapowaka, ikiwa imewashwa, baada ya kuweka draiva itakuja skrini ya buluu ikitaka uthibitishe ufunguo. Ukiipuuza, draiva haipandi, na utalaumu kadi bure.

Kama shida ni mashine kuchemka ndani ya begi, soma faili la /sys/power/mem_sleep. Mabano yakizunguka s2idle, usingizi ni mwepesi na chaji inaliwa. Neno deep, yaani usingizi mzito, likiwepo pembeni, ongeza mem_sleep_default=deep kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux. Lisipokuwepo, mashine haina usingizi huo; izime tu.

Niinunue? Kwa magemu na kuhariri video, ndiyo. Kwa kuchapa barua na kutazama mpira, chukua yenye Intel peke yake. Na kama umeshanunua, amri ya sudo prime-select intel itaipumzisha ile kadi nyingine.

Ukiuliza hapo chini, bandika kwanza majibu ya amri ya inxi -G, inayoonyesha kadi na draiva zako. "Haiamki" peke yake hainiambii kitu.