Tinkercad au LTspice kwa anayeanza
Kwa fundi chipukizi wa hapa Arusha anayetaka kujaribu saketi kabla ya kununua vipuri, Tinkercad, programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, ni nyepesi kuanza nayo, kwani hufunguka kwenye kivinjari na humwonya anapoendesha jaribio la LED (kitaa kidogo) iliyounganishwa bila rezista (kipuri cha kupunguza mkondo wa umeme). Ila bila intaneti hakuna kazi. LTspice, programu nyingine ya kazi hiyo ambayo pia ni ya bure, hupakuliwa mara moja tu, na msingi wake ni SPICE, programu ya kukokotoa saketi iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Anayelenga kuunda amplifaya, namsihi aanze na LTspice, ingawa yataka uangalifu: ukiandika 1M kwenye rezista, programu husoma miliomu moja (sehemu ya elfu ya omu); megaomu moja (omu milioni moja) huandikwa 1Meg.