Mpira wa Bonds wenye kinyota pale Cooperstown: mimi nasema waache uonekane

Hii ni rivyu ya makumbusho ya besiboli, National Baseball Hall of Fame, kule Cooperstown jimbo la New York, ila nitaongelea kitu kimoja tu maana ndo kilichonipeleka na ndo nilichotoka nacho kichwani. Mengine yote yako vizuri, Cooperstown penyewe ni kamji kadogo katulivu pembeni ya ziwa, makumbusho yapo tangu 1939 na ukiamua kusoma kila kitu siku moja haikutoshi.

Kitu chenyewe ni mpira. Tarehe 7 Agosti 2007, San Francisco, mchezaji Barry Bonds alipiga hom rani yake ya 756 tangu aanze kucheza ligi kuu (hom rani ni ule mpigo ambao mpira unavuka uzio kabisa na mpigaji anazunguka vituo vyote bila wasiwasi) akaipita rekodi ya mchezaji wa zamani Hank Aaron ya 755 iliyokuwa imesimama tangu 1976. Shida ni kwamba watu wengi walikuwa tayari wanaamini Bonds anatumia dawa za kuongeza nguvu, maana 2003 aliitwa mbele ya baraza la mahakama kwenye uchunguzi wa BALCO, maabara iliyotuhumiwa kuwapa wanamichezo dawa hizo, akasema yeye alijua anapewa mafuta ya kitani tu na krimu ya kupaka kwa ajili ya maumivu. Basi aliyeudaka mpira akauuza mnadani, mbunifu wa mavazi Marc Ecko akaununua kwa dola 752,467, halafu akawaambia watu wapige kura kwenye intaneti, tuupeleke makumbusho ulivyo, tuuchonge kinyota cha mashaka (ile alama ya * ya kuonyesha rekodi ina walakini), au tuurushe anga za juu. Kura zikaja kama milioni 10 na asilimia 47 wakasema kinyota. Akaukata kweli.

Sasa ukiusogelea ndo unaelewa. Mimi kwenye picha nilidhani ni wino, kumbe ni ngozi yenyewe imekatwa, alama ya * imeingia ndani ya ngozi nyeupe, na pembeni yake ile mishono myekundu imepita kama kwenye mpira mwingine wowote. Nilisimama pale muda mrefu, na kusema kweli niliumia, maana kile ni kitu kimoja tu duniani, hakuna wa pili, na mtu amekitia kisu kwa sababu wengi walibonyeza kitufe. Na angalia tarehe jamani, kura ilipigwa Septemba 2007 wakati Bonds hajafunguliwa hata kesi, mashtaka yalikuja Novemba. 2011 akakutwa na hatia ya kuzuia haki isitendeke, 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta. Kwa hiyo kinyota kilitangulia mahakama, na mahakama ilipomaliza kinyota hakikuweza kufutika.

Nikiwa pale akaja baba mmoja na mtoto wake, mtoto akauliza nani kautoboa. Baba hakusoma maelezo, akajibu tu, "Hawa wa makumbusho, kwa sababu jamaa alikuwa anatumia dawa." Nikataka kumwambia hapana mzee sio hao, nikanyamaza, na mpaka leo najuta kwamba nilinyamaza.

Maana hoja yote iko hapo. Wanaosema mpira usionyeshwe wanasema makumbusho yakiuweka yanakuwa yamekubaliana na hukumu ya Ecko, na Bonds mwenyewe alishasema wakiuonyesha hivyo yeye hakanyagi pale. Namwelewa kabisa, ningekuwa mimi ningekasirika pia. Lakini kuuficha stoo ni kuficha na kidonda chenyewe, na kile kidonda ndo historia ya miaka ile kuliko hata hiyo namba 756, hasira za mashabiki zimebaki pale zinaonekana kwa macho. Halafu makumbusho hawakuukata. Na walijitahidi, Ecko alipotaka kuwaazima tu walikataa, wakasubiri mpaka 2008 ukaja kama zawadi kamili isiyo na masharti, hapo nawavulia kofia, maana mpira wa kuazimwa ungekuwa na mwenyewe anayeamua ukae vipi.

Ninachotaka mimi ni mpangilio. Jina la aliyekata na hesabu ya kura viandikwe vikubwa kuliko jina la Bonds, yaani mtu asiyesoma maelezo marefu, kama yule baba, aone kwa jicho moja tu. Na pembeni waweke habari ya Roger Maris, aliyepiga hom rani 61 ndani ya msimu mmoja mwaka 1961 akaipita rekodi ya msimu ya Babe Ruth, ila kwenye msimu wenye mechi nyingi kuliko wa Ruth, watu mpaka leo wanaamini aliwekewa kinyota kwenye kitabu cha rekodi wakati hakijawahi kuwepo, ilikuwa ni kuzitenganisha tu rekodi ya msimu mfupi na ya msimu mrefu na 1991 wakaacha hata hiyo. Kinyota cha hadithi na kinyota cha kisu, weka viwili pamoja uone watu watakavyosimama.

Nawapa nne kwa tano. Ukienda anza na ukumbi wa vibao vya shaba vya wale waliochaguliwa kuenziwa pale, kamtafute Hank Aaron, halafu mtafute Bonds, hutamwona, 2022 ulikuwa mwaka wake wa mwisho kwenye kura za waandishi wa besiboli wanaochagua wa kuenziwa akapata asilimia 66 na inatakiwa 75. Ukishatoka hapo ndo uulizie mpira, na uulizie kweli maana wana vitu zaidi ya 40,000 na sio vyote vinakuwa nje kwa wakati mmoja. Na ukisikia mtoto anauliza nani kautoboa, mjibu.