Firefox kwenye mashine za saiba zenye RAM ya GB 4: uzoefu wangu

Nina saiba ndogo Kangemi. Mashine zote ni za mitumba, zile tunazoita ex-UK, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Kivinjari tunachotumia, yaani programu ya kufungulia tovuti, ni Firefox. Kila mwenye mashine ya namna hii ameshaambiwa na fundi wa Luthuli Avenue kwamba dawa ya uzito ni moja tu, kuongeza RAM. Mimi nasema kabla hujatoa hata shilingi, kiulize kivinjari chenyewe ni nani anayekula mashine. Firefox hujibu swali hilo vizuri sana, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuendelea kuitumia.

Juni kwetu ni msimu. Mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ni tarehe 30, na wakazi wa Nairobi tunajuana: foleni huanza siku zikiwa zimebaki za kuhesabu. Ndipo mashine iliyo karibu na mlango ikaanza kukwama. Haikuzima wala kuganda moja kwa moja. Mteja anaandika PIN yake ya KRA, ile A ya mwanzo inatokea, tarakimu zinazofuata hazionekani. Anadhani hakubonyeza vizuri, anabonyeza tena. Ghafla zote zinamwagika kwa mpigo na PIN imekuwa ndefu kuliko namba ya simu. Huku chini feni inavuma na ubavu wa mashine umepata moto.

"Kijana, hii kompyuta imechoka ama ni mimi nimechoka?" mzee mmoja akaniuliza.

"Si wewe, mzee. Hebu sogea hapa kwa hii nyingine."

Kwa hiyo nyingine iTax, tovuti ya KRA ya ritani, ikafunguka bila shida, laini ya intaneti ni ileile moja. Basi mtandao haukuwa na hatia, na tovuti pia.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows. Firefox ilikuwa juu kabisa, kumbukumbu imejaa karibu yote, na diski inasoma asilimia 100. Hiyo ya diski ndiyo inayowachanganya wengi, wanadhani diski imekufa. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski na kuurudisha kila unapohitajika. Diski ya kuzunguka haina mbio hizo, kwa hivyo kila herufi unayobonyeza inasubiri zamu yake. Na watu wengi huishia hapo: wanaona Firefox imeongoza orodha, wanaitukana, wanaing'oa na kuweka kivinjari kingine, na baada ya muda mfupi wanarudi palepale.

Jina Firefox katika orodha ile halikuambii mengi, maana ndani yake kuna michakato mingi, yaani programu ndogondogo zinazoendeshwa kila moja peke yake. Mwanzoni mwa 2018 dosari ya Spectre ilitangazwa, udhaifu ulio ndani ya prosesa zenyewe (ule ubongo wa kompyuta), na watengenezaji wa vivinjari wakaharakisha kutenganisha tovuti ili moja isichungulie siri za nyingine. Firefox iliwafikishia watumiaji mpangilio huo mwaka 2021. Ni usalama mzuri, na kwa saiba ambako mtu anafungua benki na barua pepe kwenye mashine ya umma siwezi kuulalamikia. Lakini usalama huo unalipiwa kwa RAM, maana kila tovuti inapewa mchakato wake.

Sasa andika about:processes pale juu unapoandika anwani ya tovuti, halafu Enter. Unapata jedwali: kila kichupo (tab) kilichofunguliwa, kila tovuti, na mbele yake kumbukumbu inayotumia na kiasi cha prosesa inachokula. Gusa kichwa cha safu ya prosesa, na mlafi anapanda juu. Ukipeleka kielekezi kwenye mstari wa kichupo, inatokea alama ya X ya kukifungia hapohapo bila kukitafuta. Namba zinabadilika ukiwa unatazama, na nakushauri ukae dakika nzima bila kugusa kitu, kwa sababu karibu kila ukurasa unakula sana unapofunguka kisha unatulia. Unayemtafuta ni yule asiyetulia.

Kwetu, asiyetulia hakuwa tovuti yoyote. Ulikuwa mstari wa viendelezi, vile viprogramu vidogo vinavyopachikwa ndani ya kivinjari. Niliufungua kwa kishale chake cha pembeni na kukuta kimoja cha kugeuza PDF kuwa Word. Nilifunga kurasa zote, nikabaki na jedwali peke yake, na bado kiliendelea kutafuna prosesa. Jina lake naliacha. Kilifikaje pale? Kwa saiba jibu ni rahisi: kuna mtu alitaka kurekebisha CV yake, akatafuta njia, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, akaprinti na kwenda zake.

Kabla ya kukiondoa nilitaka uhakika. Ukishikilia kitufe cha Shift wakati unafungua Firefox, inakuuliza kama unataka kuingia katika hali ya kutafuta hitilafu. Huko viendelezi vyote vinazimwa kwa muda na hakuna kinachofutwa. Nikajaribu iTax tena, nikaandika PIN yangu mwenyewe, na tarakimu zikafuata kidole. Hapo kesi ikaisha.

Ningeweza kung'oa hicho kimoja tu, ila mashine ya umma huokota takataka nyingi. Nikaandika about:support na kubonyeza kitufe cha kuifanya Firefox kuwa mpya. Hiki nakisifu bila aibu. Kinaondoa viendelezi na mipangilio iliyovurugwa, lakini alamisho, historia na nywila zilizohifadhiwa zinabaki. (Kama kwenye saiba yako kuna nywila za wateja zilizohifadhiwa, hilo ni tatizo jingine, lishughulikie leo.) Vitu vya zamani vinawekwa kwenye folda inayotokea pale mbele ya skrini, inaitwa Old Firefox Data. Usiifute haraka. Iache mpaka uwe na hakika hakuna kilichopotea.

Baada ya hapo niliweka kiendelezi kimoja tu, uBlock Origin cha Raymond Hill. Najua inaonekana kichekesho, nimetoka kulaumu kiendelezi halafu naweka kingine, lakini kazi zao si sawa. Hiki kinazuia matangazo na vifuatiliaji visipakuliwe kabisa, kwa hivyo RAM inapona na bando pia. Kurasa za habari zenye video zinazojianzisha zenyewe ndizo zinazoonyesha tofauti. Fungua about:processes, tazama ukurasa kama huo ukiwa na uBlock, kisha bila uBlock, halafu uamue mwenyewe.

Arifa nazo. Mteja akiulizwa na tovuti kama anaruhusu arifa, anaruhusu, kwa sababu anataka tu kile kidirisha kiondoke mbele yake. Baadaye mashine inajaa mikopo na kamari kwenye kona ya skrini. Katika mipangilio ya faragha kuna mahali pa kuzuia maombi mapya ya arifa. Weka alama pale na usahau.

Kuna ushauri mmoja utakaousikia kila mahali, kwamba ufute akiba ya kivinjari, na mimi siuungi mkono kwa tatizo hili. Akiba ipo ili picha na faili za tovuti zisipakuliwe upya kila mara. Ukiifuta kila asubuhi unailipia mara ya pili, na kwa anayetumia bando la simu hiyo ni pesa inayoonekana. Kuifuta kunafaa ukurasa ukija umevunjika au ukigoma kuonyesha mabadiliko mapya. Mashine inayoelemewa na RAM haitapona kwa njia hiyo. Zile programu zinazojiita visafisha RAM sizigusi kabisa, maana nazo zinakaa ndani ya hiyohiyo RAM.

Kwa wenzangu wa saiba: tangu toleo la 60 la mwaka 2018, Firefox inakubali kufungwa kwa sera, yaani masharti anayoweka mwenye mashine. Unatengeneza faili iitwayo policies.json, unaiweka katika folda uliyoipa jina distribution ndani ya mahali Firefox ilipowekwa, na humo unakataza watu kuweka viendelezi. Kijana anayenisaidia hapa aliifanya kwa mashine zote huku anakunywa chai. Viendelezi visivyojulikana vimekoma.

Mapungufu yapo. Lile jedwali la about:processes limeandikwa kwa ajili ya mtu wa kompyuta. Utakuta mistari yenye majina ya ajabu ambayo hayakuhusu, na anayeanza anaweza kuogopa kugusa chochote. Pili, tangu toleo la 93 la Oktoba 2021, Firefox kwenye Windows huondoa kwenye RAM vichupo ambavyo hujavitazama kwa muda, kumbukumbu ikikaribia kuisha. Kwa GB 4 huo ni wokovu, lakini mteja akirudi kwenye kichupo chake ukurasa unapakiwa upya mbele ya macho yake, na atakuuliza kwa nini. Tatu, GB 4 zitabaki kuwa GB 4. Mteja akifungua video, simu ya picha na jedwali kubwa la mahesabu kwa pamoja, hakuna kivinjari kitakachomwokoa. Nikipata pesa nitaanza na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kabla ya RAM, maana tayari nimeiweka kwenye mashine moja na hata RAM yake ikijaa, ile subira ya herufi haipo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Anayetumia Chrome au Edge asihame kwa sababu ya maneno yangu kabla hajabonyeza Shift na Esc akiwa ndani ya kivinjari chake. Jedwali la namna hiyohiyo litafunguka, na huenda mlafi wake ni kiendelezi kimoja tu, kama cha kwetu.