Siri kitabuni, siri redioni

Dhamira ni moja: siri. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliijenga katika riwaya ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo msomaji hajui kitu. Anamfuata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, anaokota dalili moja moja, na akishuku jambo anafunua kurasa za nyuma kuhakikisha. Kwangu huo ndio utamu wa kitabu: kasi ni yako, na ushahidi wote umeandikwa, unakungoja.

Twende na Wakati, mchezo wa redio kuhusu UKIMWI ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, unakwenda kinyume. Mkwaju ni dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na msikilizaji anayajua hayo mapema. Kwa hiyo haulizi "nani kafanya?" Anauliza "Tunu, mkewe, atafanya nini?" Redio haina sura ya kuonyesha wala ukurasa wa kurudia, ila ina sauti: mke akiuliza swali na mume akanyamaza kidogo tu, umeshaelewa. Kisha kipindi kinakwisha, unabaki na dukuduku hadi siku nyingine, mkiujadili na majirani.

Kwa fumbo la mauaji nachagua kitabu bila kusita, kwani dalili zikipita hewani zinapotea. Lakini kwa habari ya UKIMWI ndani ya ndoa, redio inanigusa zaidi. Iliingia hata nyumba zisizo na msomaji, mume na mke wakaisikiliza pamoja.