Hita ya maji imekufa na unakarabati bafu Dodoma? Ununue ipi

Wadau, kama umeshabomoa bafu ili upige tailizi mpya, hita badilisha sasa hivi hivi, maana bomba na waya vyote vinapita ukutani, ukija kukumbuka Juni baridi ishaingia utavunja tailizi mpya kwa mikono yako.

Ila kabla ya bei angalia maji. Haya ya bomba yanayotoka visima vya Mzakwe na ya visima tunavyochimba majumbani ni ya ardhini, yana chumvi, inaganda kwenye elementi (chuma kinachopasha maji), umeme unaliwa na maji hayachemki, mwisho inaungua. Kwa hiyo mpangilio wangu ni wa maji ya hapa, mtu wa Arusha atapanga kivyake.

1. Sola ya paani. Jua tunalo, Luku inapumua. Chukua yenye elementi ya akiba kwa siku za mawingu, na fundi aangalie mbao za paa kwanza, lita 200 ni kilo 200 bado hujaweka tanki lenyewe. Hizi za mirija ya kioo shida yake ni mgao wa maji: mirija ikikauka juani halafu saa nane mchana yaingie maji ya baridi, kioo kinapasuka. Ilishe kutoka simtanki, usiunge moja kwa moja na bomba la mtaani, na ikikauka ijaze alfajiri.

2. Hita ya tanki ya umeme, lita 50. Kutoa maji nyuzi 20 mpaka 60 inakula kama uniti 2.3, fanya kila siku ni karibu uniti 70 kwa mwezi, so wewe uliye kwenye ile tarifu nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi ndo umeshaiaga hivyo. Dukani uliza kama ina fimbo ya magnesiamu (inaliwa yenyewe badala ya tanki) na kama elementi ya spea ipo, kama haipo toka tu hata wakupe waranti ya miaka mingapi.

3. Shawa ya umeme ya papo hapo. Bei rahisi, presha ndogo ya simtanki inaitosha, ndo maana imejaa kwenye nyumba za kupanga. Mimi naiogopa. Nyingi elementi iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, basi ulizia ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Ya kilowati 5.5 inavuta kama ampea 24, kwa hiyo waya wa mm 6, breka yake peke yake, na asi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) ipimwe kwa mashine kiangazi, udongo wetu ukikauka asi inakuwa jina tu.

4. Gesi. Bila pampu ya kuongeza presha ya maji, nyingi haziwaki, na lazima ikae nje ya bafu, ule moshi wake hauna harufu na unaua. Kama huna ukuta wa nje wa kuifunga, iache dukani.