Kipima kaboni monoksidi cha mfukoni: kinunue kabla ya hedseti mpya

Nianze na jibu kabisa. Kama unarusha ndege ndogo ya pistoni, iwe Cessna ya kukodi pale uwanja wa Wilson, Nairobi, au yako mwenyewe unayoiweka Arusha, nunua kipima kaboni monoksidi cha dijitali, kile cha mfukoni chenye namba kwenye kioo, na ukinunue kabla hujaanza kufikiria hedseti mpya. Mimi natumia Sensorcon na nimeridhika nacho sana. Sababu nazieleza hapa manake naona wengi bado wanategemea ile kadi ya kubandika inayobadilika rangi gesi ikiwepo, wengine wanabeba alamu ya nyumbani ya gesi hiyo hiyo, na zote mbili nimeshazitumia najua zinapoishia.

Hii gesi tunaijua vizuri tu, ndo ile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, watu wanalala hawaamki. Haina rangi, haina harufu. Kwenye Cessna 172 inaingiaje? Heta ya ndege hizi haina mambo mengi, hewa ya nje inapitishwa ndani ya ganda la bati lililozunguka mafla ya ekzosi, inapata joto pale, inakuja kebini. Mafla ikipata ufa mwembamba tu, moshi wa injini unachanganyika na ile hewa na wewe na abiria wako mnavuta huku mkifurahia joto. Na usidhani ni shida ya watu wa Nairobi peke yao, kule Malindi ambako hakuna anayegusa heta moshi bado unaweza kupenyea kwenye matundu ya ukuta wa injini au mipira ya milango iliyochoka.

Alafu kuna suala la kimo. Kaboni monoksidi inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na sisi tunaanzia Wilson ambako tayari ni futi 5,500 na kitu, tukipanda hadi 9,500 oksijeni yenyewe imeshapungua, kwa hiyo sumu kidogo ambayo usawa wa bahari ingekupa kichwa kuuma, huku juu inakuvuruga akili kabisa. Na tafadhali sana msitegemee kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, vile vya kawaida vinachanganya damu iliyobeba kaboni monoksidi na iliyobeba oksijeni, kitakuonyesha asilimia 97 au 98 na wewe unazimika.

Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Emiliano Sala, yule mshambuliaji aliyetoka Nantes kwenda Cardiff City. Tarehe 21 Januari 2019 ndege ndogo aina ya Piper Malibu ilianguka baharini karibu na Guernsey. Damu yake ilipopimwa, asilimia 58 ya hemoglobini ilikuwa imekamatwa na kaboni monoksidi, na wachunguzi wa Uingereza wakasema kuna uwezekano mkubwa rubani naye alikuwa ameathirika. Ndani ya ndege hapakuwa na kifaa cha kuwapigia kelele. Na Marekani, NTSB, wale wachunguzi wa ajali za usafiri, walirudi kwenye ajali za kuanzia 1982 hadi 2020 wakakuta 31 zilizotokana na hii gesi, watu 42 walikufa, na katika ndege zote hizo ni moja tu iliyokuwa na kipima. Moja! Hiyo namba ndo iliyonifanya nitoe hela.

Sasa kadi. Ni dola chache, ina kidoa cha rangi ya machungwa kinachogeuka cheusi gesi ikiwepo. Shida yake ya kwanza ni umri, ukishaifungua nyingi zinadumu miezi mitatu hivi, na nenda kaangalie kadi iliyobandikwa kwenye ndege unayokodi, mara nyingi tarehe haijaandikwa au ni ya zamani sana na jua limeshaifubaza. Shida ya pili ni kubwa zaidi, haikuiti. Inasubiri wewe uiangalie, na ukishaanza kulevywa na gesi kuangalia vitu ndo jambo la kwanza unaloacha.

Alamu ya nyumbani inaonekana kama njia ya mkato nzuri, kumbe imetengenezwa kwa nyumba. Viwango vya Marekani vinaitaka ikikutana na ppm 70, yaani sehemu 70 kwa milioni, ipige kelele baada ya saa moja hadi nne. Za Ulaya kwa ppm 50 ni baada ya saa moja hadi dakika tisini. Zimefanywa hivyo makusudi zisisumbue watu usiku, na kwa nyumba sawa, lakini ndani ya saa moja Cessna imeshakutoa Wilson ikakufikisha karibu na Mara, na wewe ndo wa kuitua.

Cha dijitali kinaonyesha namba papo hapo kuanzia ya chini kabisa, na hapo ndo utamu wake ulipo, unajua kawaida ya ndege yako. Nikiwa chini nasubiri zamu nyuma ya ndege nyingine ya pistoni inayopima injini, upepo ukinijia kutoka kwake, namba inapanda hadi 10 au 15 alafu nikishatulia angani inarudi sifuri. Hiyo haina neno. Ila asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya Nairobi mnaijua, naelekea Nanyuki kwenye 172 ya kukodi, nikavuta heta nikiwa juu ya Thika. Sifuri ikawa 9, ikawa 22, ikafika 41 na kifaa kikaanza kutetemeka na kumulika. Nikasukuma heta ndani, nikafungua vitundu vya hewa vyote na dirisha, namba ikaanza kushuka yenyewe huku naitazama, nikawaambia mnara narudi. Fundi alipofungua lile ganda kwenye mafla alikuta ufa na unga wa kijivu umezunguka pale moshi ulipokuwa unatokea. Kichwa hakikuwa kinaniuma hata kidogo, harufu sikuisikia, bila ile namba ningeendelea na safari na heta imewaka.

Kasoro zipo. Sauti ya alamu ukiwa umevaa hedseti ya kuzima kelele huisikii, ndo maana kutetemeka na taa ni lazima viwepo, na kifaa kikae unapokiona, mimi nakifunga na klipu kwenye mkanda wa bega au kwenye paneli, sio ndani ya begi kiti cha nyuma. Sensa yake ni ya kemikali, inachoka baada ya miaka kadhaa hata kama hukitumii, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kununua kilichokwishatumika. Kukijaribu, kisogeze kwa mbali kidogo karibu na jiko la makaa linalowashwa nje, namba ipande, alafu kitoe. Bei nayo ni zaidi ya dola 100 bila usafiri na ushuru, hapo najua watu wataguna, lakini kodi ya ndege kwa saa moja tu inazidi hapo.

Kama tayari una mpango wa kununua kifaa kingine, kipokezi cha Sentry kinachotumika na ForeFlight, ile app ya marubani ya ramani, kina kipima ndani yake na onyo linakuja kwenye iPad, na hedseti ya Lightspeed Delta Zulu inakuonya masikioni kabisa, hilo wazo nimelipenda ingawa bei yake ni ya juu sana.

Na kikilia ukiwa angani, heta funga kwanza, hewa safi fungua yote, dirisha fungua huku unaangalia namba, manake kwenye ndege nyingine dirisha linavuta moshi zaidi, ikipanda lifunge. Oksijeni kama unayo vaa. Sema na mnara mapema ukiwa bado na akili timamu, tua uwanja ulio karibu, na usirudi angani siku hiyo hata ukijisikia poa, damu inachukua saa nne tano kupunguza nusu tu ya ile gesi. Alafu mwambie fundi alivue lile ganda la mafla mbele yako, asimulike tochi tu kutoka nje akasema iko sawa.